Kozi ya kuandika joki za stendapu Kinondoni, elfu sitini inalipa?

Watu wameniuliza sana kuhusu ile kozi ya jumamosi, nikaona bora niandike mara moja. Inalipa, ila usiende ukidhani utatoka pale umeshakuwa mchekeshaji, pale unafundishwa kuandika, na kuandika kwenyewe asilimia kubwa ni kufuta.

Mwalimu anaanza kwa kupiga marufuku. Mchaga na hela, Mhaya na majigambo, Mmasai na simu, hizo zote nje, anasema watu wanazicheka kwa mazoea tu. Nusu ya darasa madaftari yakabaki meupe haha. Halafu wengi wetu tumekua na Orijino Komedi, ukisema kuchekesha kichwani anakuja Joti na nguo zake, sasa huku hakuna wigi wala kanga, ni wewe na maiki, maneno ndo yabebe mzigo wote.

Hela yangu niliiona kwenye joki ya daladala. Niliiandika hivi: "Daladala ilijaa mpaka dereva kasimama, halafu konda ananiambia sogea nyuma nafasi ipo." Nikasoma, kimya. Mwalimu akaniambia dereva kasimama ndo panchi yenyewe, yaani pale pa kuchekesha, na wewe umeitupa katikati, watu wanataka kucheka bado unaongea tu, unawakatiza mwenyewe. Tukaigeuza: "Konda ananiambia sogea nyuma nafasi ipo, naangalia mbele, dereva mwenyewe kasimama." Hapo unafunga mdomo. Wakishaanza kucheka unaweka mkia, "na kakosa bomba la kushika", unapata kicheko kingine bila kuanzisha stori mpya. Aisee maneno karibu yaleyale, mpangilio tu, na darasa zima lilicheka hata yule dada wa mbele ambaye hachekagi.

Ubaya upo. Makaratasi yote ya kizungu, na video ni za Wamarekani watupu, tumewekewa Seinfeld na joki zake za ndege wakati usafiri wetu pale ni mwendokasi na bodaboda, yaani unaelewa kanuni ila huoni inakaaje kwenye maisha ya huku. Wachekeshaji wa Cheka Tu wapo hapahapa mjini, klipu zao zingetosha kabisa kuchambuliwa. Japo ile kwamba Seinfeld anaandika kwa mkono kwenye karatasi za njano mimi imenisaidia, nimeacha kuandika kwenye simu na sasa naona nilichokata.

Watu pia ni wengi mno, zamu yako ya kusoma ikifika mwalimu keshachoka, na jukwaani mnapandishwa wiki ya mwisho tu, wakati joki huijui mpaka uipeleke mbele ya watu wasiokujua. Kwahiyo kama unapandaga openi maiki tayari, yale majukwaa ambayo yeyote anaruhusiwa kujaribu, na joki zako zinaishia hewani, lipia. Kama hujawahi kabisa kushika maiki, anza na hizo openi maiki za bure kwanza, kozi itakusubiri. Na ukienda wahi, feni iko moja na inapuliza viti vya mbele tu.