Buti za mtumba kutoka Kibuye: nimezifikisha Koitoboss

Nilizilipia 2,800. Kijana alianzia 4,500, nikamwambia mshahara wa mwalimu haufiki huko. Akacheka: "Mama, hii ni ngozi, utamwachia mjukuu." Ilikuwa Jumapili saa mbili asubuhi, kabla soko la Kibuye, hapa Kisumu, halijajaa watu.

Nilizitafutia Mlima Elgon. Sisi wa Kisumu tunaishi kwenye mita 1,100 hivi. Koitoboss, kilele cha Elgon upande wa Kenya, inapita 4,000. Raba za mazoezi sikutaka hata kuzifikiria.

Kabla ya kutoa shilingi niligeuza buti, nikabonyeza kwa kucha ile sehemu laini kati ya ngozi na soli. Hapo ndipo mtumba hudanganya. Buti ikikaa stoo miaka mingi, hata kama haikuvaliwa sana, hilo povu huoza kwa unyevu wa hewa. Juu inang'aa, ndani ni mandazi ya juzi. Ukibonyeza ikaacha unga kidoleni, rudisha. Zangu zilinesa kama mpira. Nikavaa na soksi nene nilizobeba kutoka nyumbani, nikasukuma mguu mbele mpaka vidole vikagusa, na nyuma ya kisigino kidole changu kikapita. Kwa kawaida navaa 39; nilichukua 40.

Fundi wa mtaani alishona soli kuzunguka kwa 250. Wiki tatu nikazivaa shuleni ili zizoee mguu. Kidato cha pili wakaanza kuniita Afande.

Tulilala Kitale, tukaingia kwa lango la Chorlim alfajiri, gari likatuacha barabara inapoishia. Mbele yetu askari wa wanyamapori wa KWS na bunduki yake, maana huko kuna nyati na ndovu. Nyasi zilikuwa na umande, njia matope. Sikuteleza hata mara moja. Kichwa kilinigonga tulipozidi kupanda, lakini hilo si la buti. Tulipunguza mwendo, nikanywa maji, kikatulia.

Mwenzetu mmoja alikuwa na buti za 6,000 alizoagiza mtandaoni, nzuri kweli kwa macho. Saa ya tatu ya safari soli ya kushoto ikafungua mdomo kama mamba. Baada ya dakika kumi, ya kulia. Askari hakushangaa, alitoa blada mfukoni, ule mpira wa kufungia mizigo kwenye boda, akamfunga miguu yote miwili. Alishuka hivyo hivyo, kama mzigo wa viazi.

Kasoro za zangu? Nzito. Na mvua ya saa nane ilipotukuta, maji yaliingia. Ngozi ya zamani inahitaji mafuta na mimi sikupaka. Soksi kavu nilikuwa nazo kwenye mkebe wa chakula, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu 2020. Kwenye mteremko, ambapo kucha za watu huwa nyeusi, vidole vyangu havikugonga mbele.

Nyota nne kati ya tano. Yule kijana bado ana jozi ya kaki, namba 43, safi kama mpya. Niliibonyeza pia Jumapili iliyopita. Kidole kilitoka na unga.