Changu wa kupaka na kopo la bakshishi, Ngamiani

Mgahawa wenyewe uko Ngamiani, Tanga: baraza ya bluu, meza saba, feni mbili. Nimeshakula hapo mara tisa. Wali wa nazi na changu wa kupaka ni shilingi 7,000, na changu analetwa mzima, kichwa na mkia, tui limemshika ngozi, ndimu pembeni. Juisi ya ukwaju ina sukari mno, mwombe mhudumu aizimue. Ijumaa baada ya swala utasubiri, hilo ujue.

Ila kinachonirudisha pale ni wahudumu. Mimi nilihudumu mezani miaka sita Dar es Salaam, kwa hiyo mtu akiniwekea sahani najua kama moyo wake upo kazini au anahesabu saa. Juzi nilidondosha kijiko. Kabla sijainama kukiokota, kingine kilishafika mezani.

Kwenye kaunta kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Ukisema chenji baki nayo, inaingia humo mbele ya macho yako. Ukilipa kwa simu ukazidisha, dada wa kaunta anatoa ile ziada kwenye droo, taslimu, anaitumbukiza. Siku moja nilichelewa nikakuta wanafunga. Bi Mkubwa, mwenye mgahawa, alilimimina kopo mezani, akahesabu kwa sauti, akagawa mafungu sita sawasawa. La kwanza alimpa mama anayeosha vyombo. Mikono yake ilikuwa na povu bado. Akajifuta kwenye kanga, akapokea, akazifunga pindoni. Shilingi 3,400, na mshahara wao uko palepale.

Nikamuuliza Bi Mkubwa mbona muosha vyombo anapata sawa na wanaohudumia wateja. Akanijibu, "Sahani ikinuka shombo, mwanangu, nani atakuachia chenji?"

Nilikotoka, tajiri alikuwa akitundika ukutani picha ya mfanyakazi bora wa mwezi. Yangu ilitundikwa mara mbili. Bakshishi za simu zote ziliishia kwenye namba yake, na usiku wa sikukuu tulifunga saa saba bila nyongeza yoyote, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Picha yangu ilipopanda mara ya pili, mpishi hakunisemesha wiki nzima, na alikuwa na haki: bila jiko lake mimi ningekuwa bora kwa lipi? Baada ya hapo chakula kikipoa dirishani nilikiacha kipoe. Inaniuma mpaka leo, maana waliokula kile chakula hawakunikosea kitu.

Ukienda Ngamiani, fika kabla ya saa saba mchana, changu huwa wanaisha. Na beba noti ndogondogo.