Kitabu cha Mapishi ya Mtoto: Kabla ya Kulipa, Tazama Chumvi Inaingia Sufuriani Lini

Mwanangu alipokaribia kutimiza miezi sita nilinunua kitabu kinene chenye jalada gumu, ambacho kilijinadi kwa herufi kubwa kwamba kila pishi lililomo linaliwa na familia nzima tangu kijiko cha kwanza cha mtoto. Pishi nililoanza nalo lilikuwa nyama ya kusaga na karoti. Hatua ya pili iliniagiza nivuruge vidonge viwili vya mchuzi katika maji ya moto na kuyamimina sufuriani. Hatua ya saba, ambayo niliifikia nikiwa nimekwisha kuepua, ilieleza kwa maandishi madogo kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja apikiwe chake bila vidonge hivyo. Nikabandika sufuria ya pili, mtoto akilia na baba yake akila peke yake mezani.

Sitasema lolote kuhusu ubora wa picha, idadi ya mapishi wala wepesi wa kupata viungo, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe. Ninachokitazama mimi ni mahali chumvi, pamoja na kila kitu kinachobeba chumvi, inapoingia sufuriani: je, ni kabla ya mtoto kupakuliwa au baada yake? Ushauri wa huduma ya afya ya Uingereza ni kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipate zaidi ya gramu 1 ya chumvi kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe gramu 2, kwa sababu figo zake bado ni changa. Kidonge kimoja cha kawaida cha mchuzi kina chumvi inayopita gramu hiyo moja, na hapo bado hatujahesabu mkate, jibini, sosi ya soya na nyama za kusindikwa, ambavyo vitabu vingi huviorodhesha kana kwamba ni viungo visivyo na neno. Pishi lililopungukiwa chumvi mtu mzima hujikolezea kwenye sahani yake, lakini lililokwisha kutiwa halina namna ya kutolewa.

Kwa hiyo, ukikishika kitabu, fungua mapishi matatu yoyote ya sufuria na uyafuate hatua kwa hatua kwa kidole. Mwandishi aliyewahi kupika huku amempakata mtoto ataandika waziwazi, ndani ya hatua yenyewe, kwamba hapa mpakulie mtoto kisha ukoleze chakula cha wakubwa. Mwandishi aliyebandika tu neno "mtoto" kwenye mapishi ya watu wazima ataiacha tahadhari hiyo mwisho wa ukurasa, au, vibaya zaidi, katika utangulizi ambao hakuna anayeusoma saa kumi na mbili jioni. Maneno kama "chumvi kiasi" na "onja urekebishe" yakitangulia kupakua, kirudishe kitabu rafuni.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa What Mummy Makes cha Rebecca Wilson, kilichotolewa na DK mwaka 2020. Nakiri wazi kwamba nina upendeleo kwa mchapishaji huyu, aliyeanzishwa London mwaka 1974, kwa kuwa vitabu vyake vya maelekezo hupangwa kwa jicho la mtu mwenye mikono iliyojaa kazi. Hata hivyo, upendeleo wangu hapa una sababu nyingine. Kitabu hiki kimejengwa juu ya wazo la kupika mara moja tu kwa ajili ya mzazi na mtoto wa kuanzia miezi sita, na chumvi imepunguzwa tangu mwanzo badala ya kukumbukwa mwishoni. Pale jibini inapotajwa bado ni juu yako kuihesabu, hasa ikiwa siku hiyo mtoto amekwisha kula mkate. Kama una fedha za kitabu kimoja tu, nunua hiki.

Cha pili ni The Baby-led Weaning Cookbook cha Gill Rapley na Tracey Murkett, cha mwaka 2010. Njia yao humwacha mtoto ajilishe kwa mikono yake vipande laini vya chakula cha mezani badala ya kulishwa rojo kwa kijiko, na kwa kuwa mtoto anakula kile kile wanachokula wakubwa, suala la chumvi ndilo moyo wa njia yenyewe. Sikukiweka juu zaidi kwa sababu kinamtaka mzazi mwenye subira nyingi. Chakula kingi huishia sakafuni katika wiki za mwanzo, ilhali mtoto wa miezi saba hadi kumi na miwili anahitaji takribani miligramu 11 za madini ya chuma kwa siku kwa vipimo vya Marekani, kiasi kinachozidi mahitaji ya baba yake. Mwenye kuifuata njia hii ahakikishe kwamba vipande vya nyama, mayai na kunde vinafika tumboni.

Cha tatu ni The Complete Baby and Toddler Meal Planner cha Annabel Karmel, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1991 na kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Rojo zake za kupika kwa wingi na kugandisha katika trei za barafu zimeokoa jioni nyingi za wazazi wanaorudi nyumbani wamechoka. Katika kipimo changu kinafaulu, lakini kwa kulikwepa swali: rojo ya mtoto hupikwa peke yake, kwa hiyo chumvi ya wakubwa haihusiki, nawe unabaki na sufuria mbili. Ukikinunua, dai toleo la karibuni. Mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mtoto anyonye tu hadi miezi sita, na Uingereza ikaufuata ushauri huo mwaka 2003. Kuhusu karanga, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2000 kilishauri watoto walio katika hatari kubwa ya mzio wasipewe hadi miaka mitatu, kikauacha msimamo huo mwaka 2008, na mwaka 2015 utafiti wa LEAP uliofanyika London ukaonyesha kwamba kuwapa watoto kama hao karanga mapema, katika umbo wasiloweza kupaliwa nalo, hupunguza mzio kwa takribani asilimia 80. Kitabu cha zamani kinaweza kukupa ushauri uliokwisha kupinduliwa.

Vijitabu vya bure vya idara za afya ni sahihi lakini vina mapishi machache mno, nami sina zaidi la kusema juu yake.

Wauzaji nao wanastahili lawama yao. Mtandaoni hukuonyesha jalada na picha tatu za watoto wanaocheka, lakini ukurasa wa mapishi, ambao ndio bidhaa yenyewe, hawauonyeshi, na mwaka wa toleo huutafuta hadi macho yaume. Dukani kitabu kimefungwa kwa nailoni, na ukiomba kukifungua unatazamwa kama mwizi. Neno "mtoto" likiandikwa kwenye jalada, bei hupanda kwa karatasi zile zile. Siku hizi pia kuna vitabu vya waandishi wasiojulikana walipo, vilivyotungwa na programu za akili bandia. Kimoja nilichouziwa kilielekeza uji wa mtoto wa miezi minane utiwe asali, ilhali asali haifai kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli.

Kile kitabu changu cha kwanza nilijaribu kukirejesha. Muuzaji alikifungua, akapekua taratibu, kisha akanijibu kwamba kitabu chenye doa la mchuzi hakipokelewi. Doa lilikuwa juu ya hatua ya pili.