Fundi alimpima mama kwanza, baraza baadaye

Nimesubiri masika yapite ndipo niandike kuhusu fundi aliyelijenga upya baraza la mbele ya nyumba yetu. Baraza likiwa na wiki mbili kila mtu hulisifu: rangi bado mbichi, pembe zimenyooka, na fundi anapokea simu mlio wa kwanza. Letu lilimalizika mwishoni mwa Septemba mwaka jana. Limepigwa na vuli, likachomwa na jua la kaskazi, kisha likapita kwenye masika ya mwaka huu tangu Machi mpaka Mei. Sasa kusi inavuma, na naweza kusema kipi kimesimama na kipi kimelegea.

Nyumba yetu iko Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Ni nyumba ya zamani, vyumba sita na ukumbi wa katikati, na mbele yake baraza la mita 7 kwa mita 2 na sentimita 40. Hapo ndipo anapoishi mama. Ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi utamkuta hapo na shoga zake, wanasuka ukili, wanachambua mchele, wanaitikia salamu ya kila apitaye. Mambo ya mtaa huu yanaamuliwa hapo, posa, misiba na michango. Nikisikia redioni wakitaja Baraza la Mawaziri, mimi huwaona wale wanawake watano na kahawa yao.

Mwaka 2018 nilikubali baraza liwekwe marumaru nyeupe za kung'aa. Zilipendeza sana kwa macho. Fundi wa wakati ule alizibandika juu ya madonge matano ya saruji, moja kila pembe na moja katikati, badala ya kujaza chini yote. Ukizigonga kwa kifundo cha kidole zililia kama mtungi mtupu. Sakafu yenyewe ilikuwa bapa, haina mteremko wowote, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yalituama mpaka jua liyakaushe, na mengine yakapenya chini ya marumaru. Novemba ya mwaka juzi mama alitoka asubuhi kufagia, mguu ukateleza, akaangukia mkono. Alikaa na hogo wiki sita. Tangu siku ile sikuweza kuzitazama zile marumaru bila kuumia moyo, maana mimi ndiye niliyezichagua dukani.

Fundi wa safari hii nilielekezwa na jirani. Ni mtu wa makamo, kazi alirithi kwa baba yake aliyekuwa akijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Alipofika aliamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," kisha akaomba ndoo ya maji. Nilidhani anataka kunawa. Akayamwaga yote barazani, akachuchumaa, akayatazama yanakokwenda. Hayakwenda popote. Hakusema neno.

Halafu akaomba viti. Tulimtolea vitatu vya urefu tofauti, akamwomba mama akae na kuinuka katika kila kimoja. Cha kwanza mama aliinuka kwa kusukuma magoti kwa mikono. Cha pili miguu ilining'inia. Cha tatu aliinuka kwa pumzi moja. Fundi akakipima kutoka sakafuni mpaka kikalio: sentimita 44. Akaandika kwa penseli ukutani. "Mama, ukitaka kuinuka unashika wapi?" Mama akasema hushika mlango. Basi kwenye mchoro wake akaongeza mkono wa tofali mwisho wa benchi, upande wa mlango, wa kushikia. Nimewahi kushughulika na mafundi wengi, na huyu ndiye wa kwanza kumuuliza atakayekaa.

Kubomoa kulichukua siku tatu, na ndipo tulipoona ugonjwa wenyewe. Chini ya jamvi la zamani, yaani lile tabaka la zege la sakafu, hapakuwa na nailoni, unyevu wa ardhini ulikuwa ukipanda moja kwa moja. Ukingo wa mbele, uliokuwa na nondo, ulikuwa umepasuka kwa urefu. Alinionyesha: nondo ikishika kutu hunenepa, na ikinenepa hulipasua zege kutoka ndani. Mji wetu uko baharini, chumvi imo hewani, na akihisi hata mchanga uliotumika zamani ulichotwa pwani. Lori la mchanga lilipokuja alichukua punje kidogo akaziweka ulimini. Lori la kwanza alilirudisha. Mwenye lori alikasirika, mimi nikaona haya mbele ya majirani, lakini lile la pili lilikuwa mchanga wa mto, safi, hauna ladha.

Saruji tulitumia ya hapahapa, ya kiwanda cha Pongwe, mifuko 21 kwa kazi yote: jamvi, benchi, ngazi na sakafu ya juu. Kifusi kilishindiliwa kwa tabaka, ikatandikwa nailoni nzito, juu yake zege la sentimita 10, ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto. Nondo za ukingoni alizinyanyua kwa vipande vidogo vya zege ili zisiguse chini wala zisikaribie uso. Saidia fundi akitaka kuongeza maji zege liwe laini la kumwagika, alimzuia kila mara. Zege la majimaji ni rahisi kulitandaza, likikauka ni dhaifu.

Mteremko aliuweka sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukuta wa nyumba kuelekea barabarani. Ukikaa huuhisi, na kikombe cha kahawa hakisogei. Maji ndiyo yanayoujua.

Kuhusu uso wa sakafu tulibishana kidogo. Mama alitaka niru nyekundu, ile saruji ya rangi inayosuguliwa mpaka iwe laini, kama ya nyumba aliyokulia. Mimi nilimwona anateleza tena. Fundi akatupatanisha: benchi alilipiga niru nyekundu, laini kabisa, maana pale panakaliwa na nguo hazitakwaruzika, sakafu akaipa rangi ileile lakini kabla haijakauka akapitisha ufagio mgumu, mistari ikakatiza njia ya mguu. Ni mbaya kidogo kufuta vumbi kwa kitambaa, inabidi ufagie. Mvua ya Aprili nilitembea juu yake na kandambili zilizolowa, makusudi, nikienda na kurudi. Mguu unashika.

Kisha akaifunika yote kwa magunia na kutaka yalowe siku saba mfululizo. Hapa ndipo wengi huharakisha, saruji ikishaonekana ngumu wanaanza kuikanyaga, na jua la Tanga linaipasua kabla haijakomaa. Mama alijitwalia kazi hiyo. Asubuhi, mchana na jioni na kopo lake. Ukuta ule wa kushikia aliumwagilia kama mche.

Paa lilikuwa nusu ya gharama. Bati la zamani lilikuwa chini mno, limeoza kwa chumvi, na ikifika saa nane mchana baraza linakuwa tanuri. Nilifikiria makuti, nayapenda, ubaridi wake hauna mfano. Lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na nyumba zetu zimebanana, moto ukianza kwa mmoja umeanza kwa wote. Tukachukua bati la geji 28, ambalo ni nene kuliko la geji 30, hata kama namba inawadanganya wengi. Paa likainuliwa sentimita 40 upande wa nyumba na kuachwa uwazi hewa ipite, na chini yake dari ya mbao nyembamba. Misumari yote ilipigwa kwenye mgongo wa bati, kwenye bonde maji yangepita juu ya tundu. Kipimajoto sina. Nampima mama: zamani saa nane alikimbilia ndani, sasa kuna siku anachukuliwa na usingizi palepale kwenye benchi, mto kichwani.

Nguzo zilikuwa za boriti za mikoko, zimeliwa na mchwa kutoka chini. Tuliweka nne za mtiki wa Longuza, kule Muheza. Muuzaji alileta sita, fundi akakataa mbili zilizokuwa na upande mweupe mpana. Moyo wa mtiki uliokomaa mchwa hawaupendi. Ule weupe wa nje huliwa kama mbao nyingine yoyote. Kila nguzo imesimama juu ya kipande cha zege cha sentimita 20, na bamba la chuma katikati, haigusi ardhi. Saidia fundi alishaleta oili chafu ya gari ya kuzipaka. Fundi akamwambia airudishe: watu wataegemea hapa na kanzu zao na khanga zao. Zikapakwa vanishi ya nje, mikono mitatu.

Sasa malalamiko, maana yapo na ni ya kweli.

Alisema ataanza Jumatatu, akaanza Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku tisa nzima mama alikuwa ametoa vitu vyake barazani na hana pa kukaa. Simu alipokea mara moja tu katika siku hizo, akasema yuko msibani, na huenda ni kweli, lakini mtu angetupa habari.

Ngazi mbili za mbele zilitoka na urefu tofauti, ya chini sentimita 14 na ya juu 17. Kijana anaruka tu. Mzee mguu wake unakumbuka hatua ya kwanza na kuitarajia ya pili iwe hivyohivyo, na tofauti ya vidole viwili inamwangusha. Nilishangaa kwamba mtu aliyepima viti vitatu alipitiwa na hili. Kumbe ngazi alimwachia kijana wake. Nilipomwonyesha alizivunja bila kubisha na kuzijenga upya, kwa saruji yake.

Rangi nyekundu haifanani. Sakafu imegawanywa vipande vitatu ili ikitaka kupasuka ipasukie kwenye viungo, na kipande cha kati kimeiva zaidi ya wenzake, kwa sababu unga wa rangi ulichanganywa siku mbili tofauti kwa kukadiria. Mama anasema haoni. Mimi naona kila asubuhi. Ukitengeneza la kwako, simamia mwenyewe rangi yote ichanganywe na saruji kavu kwa pamoja, kwa kipimo kimoja, kabla ya ndoo ya kwanza ya maji.

Gata ndilo lililoniudhi zaidi. Paa lina mita za mraba zaidi ya 22, na kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 440 na zaidi, zote zinapita kwenye gata hilo kwenda kwenye tangi. Vishikizo aliviweka mbali mno kimoja na kingine. Katikati ya Aprili likapinda tumbo, maji yakamwagikia ukuta wa jirani, na ilibidi mimi niende kuomba radhi. Nilipiga simu mara nne kabla hajaja. Alipokuja aliongeza vishikizo vitano na kulivuta, na tangu hapo limetulia.

Ufundi wote ulinigharimu shilingi 950,000, tofauti na vifaa, pamoja na 80,000 zilizoongezeka katikati kwa ajili ya gata ambalo mimi nilidhani limo kwenye bei ya awali. Hatukuandikiana. Tuliongea barazani kwa Kiswahili kizuri na tukashikana mikono, na kila mmoja akaondoka na bei yake kichwani. Mkae na karatasi, muandike hata idadi ya vishikizo.

Nitamwita tena? Ndiyo, kwa chochote kitakachokaliwa na mama. Kama una harusi wiki tatu zijazo na unataka baraza la kupigia picha, tafuta mwingine, huyu atakukondesha. Kama una mzazi nyumbani anayeinuka kwa kushika mlango, msubiri.

Nilikuwa nimezuia shilingi 50,000 mpaka gata lithibitike. Jumamosi iliyopita, baada ya mvua za Mei kwisha bila maji kurudi kwa jirani, nilimwita aje kuzichukua. Mama alimwambia akae kwanza, akamimina kahawa, akamsogezea kashata. Alikaa mwisho wa benchi, mkono wake juu ya ule ukuta wa kushikia, wakaulizana habari za watoto. Kikombe hakijafika nusu nikamwona ameinama. Kwenye pembe, pale benchi linapokutana na ukuta wa nyumba, kuna ufa mwembamba kama unywele ambao mimi sikuwa nimeuona. Aliukwangua kwa ukucha, akaupitisha kidole mpaka mwisho wake, akaniuliza kama saruji imebaki hata robo ya mfuko.