Tathmini ya Kifurushi cha Shajara ya Michoro: Karatasi Imara, Maelekezo Yasiyonyamaza

Kifurushi ninachokitathmini hapa ni cha shajara ya michoro, yaani daftari ambamo mtu huchora na kupaka rangi yaliyo moyoni mwake, nacho ni kimojawapo cha vile vinavyouzwa kwa ahadi ya kumpa nafuu mtu aliyeelemewa na mawazo, huzuni au uchovu wa moyo. Ndani ya boksi mna daftari la ukubwa wa A5 lenye jalada gumu, kibati cha rangi za maji chenye vidonge 12, brashi moja yenye tangi dogo la maji ndani ya mpini wake, penseli mbili laini, na kijitabu chembamba cha maelekezo ambayo yamerudiwa pia, kwa herufi ndogo, juu ya kila ukurasa wa kulia wa daftari lenyewe isipokuwa chache za mwisho. Sitamtaja mtengenezaji, kwa kuwa bidhaa za namna hii zinafanana mno na mengi nitakayoyasema yanahusu kundi zima, na pia kwa kuwa baadhi ya lawama zangu ni nzito. Daftari lenyewe ningelinunua tena bila kusita kama lingeuzwa bila maneno yake.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndiyo inayobeba kazi yote na ndiyo ambayo wauzaji huieleza kwa uchache zaidi. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa kila mita ya mraba. Ukiipaka rangi ya maji hujikunja, hupitisha unyevu hadi upande wa pili, na ikisuguliwa tena kwa brashi iliyolowa huanza kumenyeka. Karatasi ya wachoraji wa rangi za maji aghalabu huwa na gramu 300, lakini daftari lililotengenezwa kwa karatasi hiyo huwa zito na lenye kurasa chache. Hili limeshika njia ya katikati, gramu 200, na kwa shughuli iliyokusudiwa uchaguzi huo ni sahihi. Mtu anayechora ili apate nafuu hachori kwa adabu ya mwanafunzi wa chuo cha sanaa: hukandamiza penseli hadi ncha ikatike, hufuta kwa hasira, hupaka rangi juu ya rangi ambayo bado haijakauka, kisha hubandika kipande cha gazeti juu ya vyote hivyo. Karatasi inayochanika katikati ya hayo humlazimisha aanze kuchunga mkono wake, na hapo hisia iliyokuwa ikitoka hurudi ndani. Hii haikuchanika. Ilijikunja kidogo pembeni ilipolowa sana, ikanyooka baada ya daftari kufungwa na kuwekewa vitabu vizito juu yake usiku kucha.

Kurasa zimeshonwa kwa uzi katika mafungu badala ya kugandishwa kwa gundi peke yake, kwa hiyo daftari hukaa wazi bapa mezani na mchoro unaweza kuvuka kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili bila kumezwa na mgongo. Karatasi pia haina asidi, jambo ambalo wengi hulipuuza mpaka miaka ipite. Karatasi yenye asidi na lignini nyingi, yaani ile dutu inayoupa mti ugumu wake, hugeuka manjano, hukauka na kumeguka, na anayeweka shajara ili siku moja aitazame alikotoka atakuta inamponyoka vidoleni. Upungufu wa muundo ni mmoja. Mgongo haukuachiwa nafasi ya kunenepa, na shajara ya michoro ni lazima inenepe, kwani picha za magazeti, vitambaa, tiketi na bahasha hubandikwa humo. Anayetaka kubandika vitu vingi itambidi akate karatasi moja kila baada ya kadhaa, akiacha ukanda mwembamba kando ya mshono ili karatasi iliyounganika nayo upande wa pili isichomoke.

Kuhusu rangi sina mengi. Zina chokaa nyingi kuliko rangi yenyewe, nyeusi ikikauka huwa kijivu, na kifuniko cha kibati hakina mahali pa kuchanganyia. Penseli ni nzuri. Brashi yenye tangi ndiyo kifaa nilichokipenda kuliko vyote, kwa sababu haihitaji kikombe cha maji, na kwa hiyo mtu aliyelala kitandani, awe nyumbani au hospitalini, anaweza kupaka rangi bila kuhofia kulowanisha shuka. Kinachokosekana, na kukosekana kwake kunashangaza, ni rangi nyeupe nzito au jeso, ile rangi ya msingi inayofunika kilicho chini yake. Wazoefu wa shajara hizi huitumia kuliko rangi nyingine yoyote, kwa kuwa ukurasa usiopendeza hauchanwi: hufunikwa, huachwa ukauke, na hugeuka kuwa mwanzo wa ukurasa mwingine.

Sasa maelekezo, ambayo ndiyo sababu kifurushi hiki kinauzwa kwa bei ya juu kuliko daftari tupu la ubora uleule. Ya mwanzo yanafaa. Mtu anaambiwa achore hali yake ya leo kana kwamba ni hali ya hewa, au ajaze ukurasa kwa mistari ya kasi inayolingana na pumzi zake, au achague rangi moja asiyoipenda na kuitumia peke yake. Hayo ni maelekezo yanayofungua mlango na kuondoka. Kadiri kurasa zinavyosonga, sauti inabadilika na kuwa ya mtu aliyesimama begani: chora jeraha lako kubwa kuliko yote, sasa lizungushie mwanga wa dhahabu, sasa andika mambo matatu unayoyashukuru kutokana nalo. Mtu aliyefiwa mwezi uliopita hana wajibu wa kuuzungushia msiba wake mwanga wa dhahabu, na kuambiwa afanye hivyo kabla ya kugeuza ukurasa ni kunyimwa kile hasa alichokuja kukitafuta, yaani mahali ambapo hakuna anayemngojea apone.

Kuna pia tatizo la ukweli. Kijitabu kinadai kwamba kila mtu akimaliza ukurasa wa jeraha atajisikia mwepesi papo hapo, na yanayojulikana kutokana na utafiti ni tofauti. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo. Walioandika kuhusu mambo mazito yaliyowaumiza walitoka na moyo mzito zaidi mara tu baada ya kuandika, ingawa katika miezi iliyofuata ziara zao kwenye kituo cha afya zilikuwa chache kuliko za wenzao. Huko ni kuandika, si kuchora. Kwa upande wa kuchora, wanasaikolojia Jennifer Drake na Ellen Winner wamewalinganisha watu waliochora jambo lililowahuzunisha na watu waliochora kitu kingine kabisa ili kuliondokea, na hali ya moyo ya hawa wa pili ndiyo iliyopata nafuu zaidi kwa muda mfupi. Kwa maneno mengine, anayefungua shajara jioni akiwa amechoka na kuamua kuchora kikombe kilicho mbele yake, au majani ya mti wa dirishani, hakwepi kazi ya uponyaji. Huenda siku hiyo ndiyo kazi inayomfaa. Katika maelekezo yote ya daftari hili sikuona hata moja linalompa mtu ruhusa hiyo.

Kuna sehemu moja ambayo waandaaji wameipatia, nayo wameificha nyuma. Kurasa chache za mwisho hazina neno lolote bali duara kubwa lililochapishwa kwa mstari hafifu, ndani yake kukiwa na maumbo machache yanayorudiarudia, kwa mtindo wa mandala. Watafiti Nancy Curry na Tim Kasser walionyesha mwaka 2005 kwamba watu waliopaka rangi mandala walipungukiwa na wasiwasi kuliko waliopewa karatasi tupu wachore watakavyo, na sababu si ngumu kuikisia, kwani umbo lililo tayari humwondolea mtu mzigo wa kuamua huku likiacha mkono na macho vikiwa na la kufanya. Siku ambayo hata kuchagua rangi ni kazi, kurasa hizo zinatumika. Ningependa zingetawanywa katika daftari zima, kila baada ya kurasa kadhaa tupu, badala ya kulundikwa mahali ambapo wengi hawatafika.

Jalada linasema, kwa herufi za kung'aa, kwamba hii ni tiba ya sanaa. Dai hilo halifai kuachwa lipite. Tiba ya sanaa ni taaluma iliyopata jina lake kwa Kiingereza mwaka 1942 kutoka kwa Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyeona faida ya kuchora alipokuwa akiuguzwa kifua kikuu. Huko Marekani chama cha wanataaluma wake kiliundwa mwaka 1969. Ndani ya taaluma hiyo, mchoro huwa kati ya watu wawili: aliyeuchora, na mtaalamu aliyefunzwa kutambua ni lini aulize swali na ni lini akae kimya. Daftari halina mtu wa pili. Linaweza kuwa mahali pa kujitunza, na hiyo si faida ndogo, lakini halitambui kwamba mwenye nalo ameacha kula, hapati usingizi, au anachora jambo lilelile kila usiku na kila usiku linazidi kuwa jeusi.

Kijitabu kinataja pia, bila chanzo, kwamba kuchora hupunguza homoni ya msongo wa mawazo kwa asilimia 75. Nadhani takwimu hiyo imetokana na utafiti wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, na kama ndivyo, imepotoshwa. Watafiti hao walipima kortisoli, ndiyo homoni hiyo ya msongo, katika mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kutengeneza sanaa kwa kalamu za rangi, udongo au vipande vya kubandika, na kiasi cha homoni hiyo kilishuka kwa takribani robo tatu ya washiriki. Kwamba homoni ilishuka kwa watu wengi ni jambo moja. Kwamba ilishuka kwa asilimia 75 kwa kila mtu ni jambo jingine, na halikusemwa na watafiti hao. Aidha hapakuwa na kundi la kulinganishia, na mtaalamu wa tiba ya sanaa alikuwapo chumbani kwa ajili ya atakayemhitaji. Kinachosikitisha ni kwamba utafiti huohuo ulikuwa na matokeo ambayo yangemtia moyo mnunuzi bila kumdanganya: waliokuwa na uzoefu wa sanaa na wasiokuwa nao hawakutofautiana katika kushuka kwa kortisoli. Sentensi hiyo moja, ikichapishwa ukurasa wa kwanza, ingewafaa wale wote wanaolifungua daftari na kulifunga tena kwa kuwa hawajui kuchora mkono wa binadamu.

Jambo la mwisho linalohitaji kusemwa kwa kirefu ni usiri. Daftari halina kufuli wala bahasha ya nyuma, na hilo ningelisamehe, kwa sababu usiri unaweza kutengenezwa kwa njia za ufundi: kuandika kwa penseli kisha kupaka rangi nzito juu ya maandishi, kugandisha kurasa mbili uso kwa uso, au kutumia alama ambazo mwenyewe tu anazijua. Nisichoweza kukisamehe ni programu ya simu inayoambatana na kifurushi, ambayo humhimiza mtumiaji apige picha kila ukurasa na kuupandisha ili apewe beji za maendeleo. Shajara ya namna hii ina thamani kwa sababu haina mtazamaji. Mara tu mtu anapojua kwamba ukurasa utaonekana, hata na mashine, huanza kuchagua rangi kwa ajili ya macho hayo, na michoro mibaya, ile iliyo na kazi kubwa zaidi ya kufanya, hukoma kuzaliwa. Zaidi ya hapo, picha ya mchoro wa mtu aliyeandika chini yake jina la aliyemdhulumu ni taarifa nyeti, na masharti ya programu hayaelezi picha hizo huhifadhiwa wapi wala kwa muda gani. Niliifuta kabla ya kuipa ruhusa ya kamera.

Kwa anayeanza na anayeogopa ukurasa mweupe, theluthi ya kwanza ya daftari hili inaweza kumsaidia kuvuka woga huo, na kama atapewa kifurushi kama zawadi hana sababu ya kukikataa. Kwa anayetoa fedha yake mwenyewe, ningemshauri anunue vitu kimoja kimoja: daftari tupu lililoshonwa, lenye karatasi isiyo na asidi ya gramu 200 au zaidi, penseli moja laini, brashi yenye tangi, rangi chache za ubora wa wanafunzi na chupa ndogo ya jeso. Aliyekwisha kununua hiki atumie jeso hiyohiyo kufunika maelekezo ya theluthi mbili zilizobaki, tabaka moja jembamba kwa kila ukurasa, na kuacha ikauke kabisa kabla ya kufunga daftari, la sivyo kurasa zitagandana.