Masega ya ekzosi ya kuchomelea: mazuri kwa injini nzima, hasara kwa inayomisi

Masega ni kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi wa injini (catalytic converter). Haya hayakutengenezwa kwa gari moja maalumu. Ni ya kuchomelea kwenye injini yoyote ya petroli ya ukubwa unaolingana. Kwa bei yake yanafanya kazi, ila si kwa gari linalomisi, yaani ambalo petroli haiungui vizuri kwenye silinda.

Ndani mna kigae chenye matundu membamba kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Injini ikimisi, petroli isiyoungua huenda kuwakia humo, joto hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi na kigae huyeyuka. Moshi hukosa njia, gari huishiwa nguvu mlimani. Injini inayokula oili huyaua masega polepole zaidi, kwa fosforasi iliyomo kwenye oili. Plagi, koili na nozeli kwanza, masega baadaye.

Kufunga si kazi ngumu, lakini mafundi wengi huharibu hapo. Mshale ulio kwenye ganda uelekee kwenye salensa. Mshono uchomelewe kote: hata tundu dogo kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje, sensa hudhani petroli ni kidogo, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Silikoni usiipake mbele ya sensa, itaiua. Moshi kidogo na harufu mara ya kwanza ni kawaida.

Udhaifu wake mkubwa ni yale madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu: mara nyingi ni machache kuliko ya masega yaliyokuja na gari kutoka kiwandani, hivyo huchoka mapema. Pima kwa mashine ya kusomea kompyuta injini ikiwa ya moto. Sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, itulie karibu na volti 0.6 au 0.7. Ikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 kama ile ya mbele, masega hayasafishi kitu, na msimbo P0420, wa kompyuta kulalamika kuwa masega hayasafishi vya kutosha, utarudi.

Tena, yawe mapya au ya zamani, hayasafishi yakiwa baridi. Huanza kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi. Dakika za mwanzo kaboni monoksidi, gesi ya sumu, hutoka karibu yote. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa kulipasha tu.

Kabla ya kulipa, yatikise. Yakigonga ndani, kigae kimeshavunjika, rudisha.