Transfa ya Pajero yangu ilivyofunguliwa Industrial Area

Kama una Pajero ya zamani na umeambiwa transfa, lile boksi la kugawa nguvu za injini, imekufa, usikimbilie Kirinyaga Road hapa Nairobi kununua nyingine kabla hiyo uliyo nayo haijafunguliwa. Yangu imetengenezwa kwenye karakana ndogo ya Industrial Area, karibu na Lusaka Road, na kazi yenyewe nimeiridhia. Huduma ndiyo ina walakini, nitaieleza.

Gari ni la 2002, dizeli, lenye mfumo ambao Mitsubishi huuita Super Select. Transfa ni boksi lililofungwa nyuma ya gia boksi. Inapokea nguvu na kuzigawa: propela moja (shafti ndefu inayozunguka) inakwenda difu ya nyuma, yaani gia zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti, nyingine difu ya mbele. Ukiweka 2H, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. 4H ni yote manne, ila difu ya kati inaruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo hata kwenye lami hakuna neno. 4HLc inaifunga hiyo difu ya kati, na 4LLc inaifunga pamoja na kuingiza gia za chini: mwendo unapungua, mvuto unaongezeka.

Pikapu nyingi za kazi hazina difu ya kati. Kwao 4H ni ya matope. Ukiiacha kwenye lami kavu ukakata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma na hayana nafasi ya kuachana, basi propela zinajikaza na leva inagoma kutoka. Nimeona watu wakiivuta kama wanang'oa muhogo, kumbe kurudi rivasi kidogo gari likiwa limenyooka mara nyingi kunatosha.

Shida yangu ilianzia kwenye udongo mweusi wa Kamulu wakati wa mvua. Nikikanyaga mafuta kwenye 4LLc, chini kunapiga kaka-kaka, na taa ya kati ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi inapepesa bila kutulia. Fundi wa kwanza hata hakuinama chini ya gari. Akataka nilete transfa nzima ya eksi-Japani, yaani iliyotumika huko Japani, na gia boksi pia "kwa usalama".

Huyu wa Industrial Area alianza kwa kumwaga oili. Ilikuwa kidogo kuliko inavyotakiwa, nyeusi, na ina unga unaometa. Ndani ya transfa hii nguvu za mbele hupitishwa na cheni, na cheni ikichakaa hurefuka; ukiipa mzigo inaruka meno ya sproketi, gurudumu la meno linaloizungusha. Huo ndio mlio. Oili ilikuwa ikivujia sili ya nyuma, na beringi moja ilikuwa imeanza kuliwa. Taa nayo haikuhusiana kabisa na cheni: swichi iliyo kwenye mwili wa transfa ilikuwa na kutu. Aliipima kwa mita mbele yangu, na ndicho kipuri kilichokuwa cha bei rahisi kuliko vyote.

Kilichonishangaza ni kwamba alichukua futi akapima mzingo wa matairi. Ya mbele yakiwa mapya na ya nyuma yamelika, difu ya kati haipumziki ukiwa kwenye 4H, hata barabara ikiwa imenyooka, na joto linapanda bure. Cheni mpya tulienda kuitafuta pamoja, ya zamani mkononi, tukalinganisha upana na idadi ya vipande kabla pesa haijatoka.

Jumla, vipuri na kazi, haikufika nusu ya bei niliyotajiwa ya transfa ya eksi-Japani, ambayo nayo hujui imepitia nini huko ilikotoka.

Sasa malalamiko. "Kesho jioni" ya karakana hii ni kesho isiyofika. Piga simu kabla hujatoka nyumbani. Risiti nilipewa baada ya kuiomba mara kadhaa. Sili waliyoweka kwanza ilitoa jasho la oili ndani ya wiki, wakaibadilisha bila kunidai, lakini nilipoteza asubuhi nzima nimekaa kwenye kreti.

Taa zimetulia na 4LLc inaingia kimya. Umebaki mlio mwembamba nikifika kasi ya 80 pale Thika Road. Fundi anasema ni propela, mimi nashuku matairi ya nyuma, na kwa kuwa ni lazima niyabadilishe, nitaanza na hayo.